Fahali Wawili na Zizi Moja: Uhakiki wa Hoja ya Mila katika Michezo ya Wanyama Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki hoja zinazotumika kutetea na kupinga michezo ya jadi ya wanyama, hususan mapigano ya fahali ya Kakamega nchini Kenya na mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Kwa kuisoma methali ya fahali wawili sambamba na tukio la viboko katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, makala inadai kwamba neno "mila" limebebeshwa mzigo lisioweza kuubeba. Inahitimisha kuwa unafiki wa mlaji wa mjini ni hoja nzito, lakini haumsafishi mwenye fahali.

1. Utangulizi

Bukoto, mtaa wa jiji la Kampala, hauna uwanja wa fahali. Mkazi wake huyaona mapigano ya Kakamega katika simu, huku nje bodaboda ikipita na kuku walioning'inizwa vichwa chini, na buchani paja la ng'ombe likisubiri mnunuzi. Hali hii ndiyo inayoufanya mtaa huo kuwa mahali panapofaa kuanzia mjadala. Hukumu nyingi dhidi ya michezo hii hutolewa na watu wa mijini ambao mateso ya mnyama huwafikia yakiwa yamekwisha kukatwa na kupimwa kwa kilo. Mtetezi wa mila huuliza: fahali aliyelishwa vizuri, akaimbiwa na kupewa jina, ana hali mbaya kuliko yule asiye na jina aliyeishia mezani? Swali hili linastahili jibu.

2. Michezo mitatu chini ya jina moja

Kosa la kwanza la mjadala ni kuiita michezo yote "mapigano ya fahali" kana kwamba ni kitendo kimoja. Katika mtindo wa Uhispania, mtu hupambana na fahali, na kwa kawaida fahali huuawa mbele ya watazamaji. Huko Pemba, fahali huchokozwa kwa kitambaa, wachezaji wakionesha wepesi na ujasiri. Ngoma na nyimbo husindikiza mchezo, na kumuua mnyama si sehemu yake. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, fahali hupambanishwa na fahali mwenzake, na pambano humalizika mmoja anapokimbia.

Tofauti hizi si ndogo. Uhispania kifo ndicho kilele. Kakamega jeraha ni matokeo yanayojulikana na kukubaliwa. Pemba hofu ya mnyama ndiyo malighafi ya mchezo. Anayelaani yote kwa pumzi moja hajatazama, na anayetetea yote kwa neno "utamaduni" naye hajatazama.

Pia hoja ya asili haimsaidii mtetezi. Husemwa kwamba sheria za kuzuia ukatili dhidi ya wanyama ni urithi wa ukoloni. Ni kweli kwamba Kenya na Uganda zilitungiwa sheria za namna hiyo kabla ya uhuru. Lakini mchezo wa Pemba wenyewe huhusishwa na Wareno, waliopoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Ikiwa ugeni wa asili unabatilisha sheria, basi unabatilisha na mchezo. Kama Wapemba wameufanya mchezo huo kuwa wao, na bila shaka wameufanya, basi hata huruma iliyoandikwa na mgeni inaweza kufanywa yetu.

3. Methali inayosomwa nusu

"Fahali wawili hawakai zizi moja" hutumiwa mara nyingi kuthibitisha kuwa kupigana ni maumbile ya fahali: binadamu hakuanzisha ugomvi, ameusimamia tu. Usomaji huu unaishia njiani. Methali imetoka katika hekima ya mfugaji, na hekima hiyo ni ya kutenganisha. Mwenye mifugo anayejua kuwa fahali wawili wataumizana huwatafutia mazizi mawili. Mwandaaji wa pambano anayajua yayo hayo, kisha anawakutanisha. Maumbile yanaeleza kwa nini fahali hupigana. Hayaelezi kwa nini wamekutanishwa asubuhi ile, mahali pale, mbele ya umati na madau. Sehemu hiyo ni ya binadamu peke yake, na ndiyo inayohukumiwa na maadili.

4. Viboko vya Adili

Katika Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952, Ikibali anamwona liwali wa Janibu akiwapiga manyani wawili usiku, kisha akilia. Adili anatimiza amri ya Huria. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya uovu wao. Wahakiki wengi hulisoma tukio hili kama fumbo la husuda na msamaha. Linaweza pia kusomwa kama taswira ya mtu anayeumiza mnyama kwa sababu ameamriwa na mamlaka asiyothubutu kuihoji.

Mila, katika utetezi wa michezo, huchukua nafasi ya Huria: ndiyo iliyoamuru. Lakini riwaya haimwachi Adili hapo. Machozi yake yanakiri kuwa amri haikuuondoa uchungu wa kitendo, na Mfalme Rai anaposikia habari hataki kuinyamazia. Anamwita, anamsikiliza, kisha anatafuta njia ya kuikomesha amri yenyewe. Huo ni mwongozo kwa wanaopinga michezo: kusikiliza kunatangulia hukumu.

Usomaji huu una mpaka wake. Uzito wa tukio unategemea kwamba manyani hao ni binadamu ndani ya ngozi. Fahali wa Kakamega si ndugu ya mtu aliyegeuzwa. Jeremy Bentham alikwisha kusema mwaka 1789 kwamba swali la msingi kuhusu wanyama ni kama wanaweza kuteseka, si kama wana akili ya kufikiri. Si lazima kwenda mbali kupata wazo linalokaribiana na hilo: katika Buganda, ambako Bukoto ipo, omuziro humkataza mwanaukoo kumla mnyama wa ukoo wake. Mtu wa ukoo wa Nkima hamli tumbili, ingawa tumbili huyo hajawahi kuwa mtu. Mila, kumbe, si ruhusa tu. Ni mipaka pia.

5. Gharama ya pande zote

Januari 2024, fahali aitwaye Inasio, mali ya seneta wa Kakamega Boni Khalwale, alimuua mtunzaji wake wa miaka mingi. Kisha fahali akauawa kwa mkuki, kama mila inavyotaka. Kisa hiki kinaonesha ukinzani wa ndani. Kumchoma mkuki aliyeua ni kumchukulia kama mtenda kosa, mwenye kuwajibika. Kumwingiza uwanjani ni kumchukulia kama chombo. Haiwezekani awe mtu siku ya adhabu na kitu siku ya pambano. Na aliyelipa kwanza alikuwa mtunzaji, yule aliyekaa karibu zaidi na pembe.

6. Hitimisho

Mlaji wa Bukoto, basi, ana haki ya kusema? Anayo, ila kwa sharti. Kuku aliyening'inizwa kichwa chini ni shtaka dhidi yake. Halimwachii huru mwenye fahali, bali linaongeza mshtakiwa wa pili kizimbani. Mwenye kudai huruma uwanjani aidai pia buchani na barabarani.

Kinachostahili kuhifadhiwa Kakamega kinaweza kutenganishwa na jeraha. Ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huchezwa pia katika harusi na mazishi. Fahali anaweza kulishwa, kuimbiwa, kutembezwa na kushindanishwa kwa umbo bila kukutanishwa pembe kwa pembe. Huko hakutakuwa kuiua mila. Kutakuwa kurejea kwa mfugaji wa methali, aliyejua kuwa zizi la pili hujengwa kabla ya damu.