Majaribio 16 Hayatoshi Kuhukumu Waya

Muuzaji wa waya za spika za bei ghali hudai kuwa sauti itabadilika waziwazi. Mhandisi humjibu: tuzifiche, tuone kama utazitambua. Mimi niko upande wa mhandisi, ila matokeo ya mtihani wake husomwa vibaya mno.

Mtihani huo huitwa ABX, na David Clark aliueleza kitaalamu nchini Marekani mwaka 1982. Msikilizaji anaijua A na anaijua B. X ni mojawapo, imechaguliwa kwa kubahatisha, na hata msimamizi haijui. Msikilizaji anabonyeza kubadili, anasikiliza kwa muda autakao, kisha anataja X ni ipi. Anayelalamika kwamba mtihani huu unamharakisha mtu hajaufanya.

Kwanza ukubwa wa sauti husawazishwa kwa voltimita, tofauti isizidi desibeli 0.1, kwa sababu sauti iliyozidi kidogo tu hudhaniwa kuwa bora. Hata hivyo, waya nyembamba hujifichua. Waya ya mita 10 yenye unene wa milimita za mraba 0.2, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa omu 1.7 hivi. Spika iliyoandikwa omu 8 huweza kushuka hadi 4 katika baadhi ya masafa na kupanda hadi 20 kwingine. Penye 4 sauti hupungua desibeli 3. Penye 20, desibeli 0.7. Usawazishaji hauondoi pengo hilo, na sikio hulisikia. Weka waya ya milimita za mraba 2.5, ile fundi umeme anayoivuta kwenye soketi: upungufu mkubwa kabisa ni desibeli 0.3. Ubishi wa kweli uko kati ya waya kama hii na zile za maelfu ya dola.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Kwa kawaida mtu hupewa majaribio 16, akipata 12 amefaulu. Mwaka 1986 Les Leventhal alionyesha udhaifu wa kipimo hicho: anayesikia tofauti ndogo kweli, akapatia mara 6 kati ya 10, atafeli mtihani huo kwa uwezekano wa asilimia 83. Kufeli kwake hakuthibitishi kwamba waya ni sawa. Majaribio 100, yaliyogawanywa kwa siku kadhaa masikio yasichoke, yangempa nafasi ya kufaulu ya asilimia 62 hivi.

Lakini muuzaji hadai tofauti ndogo. Anayesikia waziwazi, akapatia mara 9 kati ya 10, hufaulu majaribio yaleyale 16 kwa asilimia 98. Kwa dai lake, mtihani mfupi ni wa haki kabisa.