Jinsi Pampu za Shinikizo Kubwa Zilivyopunguziwa Uchakavu

Mwaka 1795 Joseph Bramah, fundi wa Kiingereza ambaye kufuli zake zilikuwa zimekwisha kumpatia sifa mjini London, alipata hataza ya mtambo wa kukandamizia vitu kwa nguvu ya maji. Na mtambo ulipotiwa kazini ilidhihirika kwamba kuyatia maji nguvu ilikuwa kazi nyepesi, na kuyazuia yasipenye ubavuni mwa mchi, yaani ile nguzo ya chuma iingiayo na kutoka katika silinda, ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Pakingi, yaani kizibo kinachouzunguka mchi, ilipokazwa kiasi cha kuyazuia maji iliubana mchi hata ukakataa kurudi mahali pake shinikizo lilipoondolewa, na ilipolegezwa maji yalimwagika. James Nasmyth, aliyekuja baadaye kuwa msaidizi wa Henry Maudslay, alieleza kwamba ni Maudslay, angali fundi katika karakana ya Bramah, aliyeifumbua shida hiyo kwa pete ya ngozi iliyokunjwa mfano wa kikombe, mdomo wake ukielekea maji: maji yakishinikizwa huutanua mdomo ule ukaukumbatia mchi kwa kadiri ya shinikizo lilivyo, na shinikizo likiondoka ngozi hulegea, mchi ukateleza kurudi bila kizuizi.

Katika ngozi ile naona asili ya usanifu mwema wa pampu za shinikizo kubwa hata leo, ijapokuwa mahali pake pamekwisha kukaliwa na tefloni na nyuzi za aramidi zilizosokotwa. Kwa kuwa msuguano uliondolewa kila ulipokuwa hauna faida, na kilichopasa kuchakaa kilifanywa kuwa kipande cha bei ndogo, ilhali chuma cha thamani kikasalimika.

Hesabu kidogo itatufaa hapa. Tuchukue pampu ya michi 3, kama zile zinazotumika kusafishia mirija ya boila na ubavu wa meli, kila mchi ukiwa na kipenyo cha milimita 40, nayo ikisukuma maji kwa shinikizo la baa 200, ambalo ni takriban mara 100 ya shinikizo la upepo katika tairi la gari dogo. Kila mchi hupokea mzigo wa karibu tani 2 na nusu, na mzigo huo wote sharti ubebwe na beringi za krenki. Msanifu anayetaka kiasi fulani cha maji aweza kuupa mchi safari fupi ya milimita 50 na kuizungusha krenki mara 600 kwa dakika, au aweza kuupa safari ya milimita 100 na kuizungusha mara 300. Maji yapatikanayo ni yaleyale, na wastani wa mwendo wa mchi ni uleule wa mita 1 kwa sekunde, hata pakingi haitambui tofauti yoyote. Walakini vali zinaitambua, maana katika pampu ya kwanza kila vali hufunguka na kujigonga kitini mara 864,000 kwa siku moja ya saa 24, na katika ya pili mara 432,000. Aghalabu hutokea mtu akauliza kwa nini basi mchi usinenepeshwe tu, safari ikabaki fupi na mizunguko ikabaki michache. Jawabu ni kwamba maji yaleyale yatahitaji eneo la mchi mara mbili, na mzigo wa krenki nao utapanda hata kufikia tani 5. Kwa hiyo nasimama upande wa safari ndefu na mwendo wa polepole, ingawa najua kwamba pampu ya namna hiyo ni ndefu, nzito na ghali zaidi siku ya kununuliwa.

Mwenye shaka juu ya vali na akiangalie kwa makini kiti cha vali kilichotolewa katika pampu iliyopitisha maji yenye mchanga. Ataona mfereji mwembamba uliokatwa ukingoni, laini kana kwamba umechongwa kwa tupa, nao umekatwa na maji matupu. Kwani chembe moja ikiizuia vali isifunge barabara, maji ya baa 200 hupita katika mwanya ule kwa kasi ya karibu mita 200 kwa sekunde, na tangu hapo mwanya hujipanua wenyewe. Ndiyo sababu wasanifu wenye busara hawakichongi kiti ndani ya mwili wa pampu, bali hukifanya pete ya chuma kigumu inayong'oleka. Hali kadhalika bomba la kuvutia maji hufanywa fupi na pana, ili maji yasigeuke mapovu ya mvuke ambayo, kama Lord Rayleigh alivyobainisha kwa hesabu mwaka 1917, huporomoka ghafla na kuzaa shinikizo la ajabu.

Katika matengenezo, adui mkubwa ni nati ya kukazia pakingi. Fundi aonapo matone huikaza, kumbe matone yale ndiyo yaliyokuwa yakiilainisha na kuipoza pakingi. Nayo ikikauka huungua na kuuchora mchi mistari ya urefu wote. Dawa yake ni springi iliyowekwa nyuma ya pakingi kwa nguvu iliyokwisha kupimwa, isiyohitaji mkono wa mtu. Mchi wa kauri huvumilia mikwaruzo kuliko wa chuma, lakini ukiachwa usuguane mkavu hata upate moto, kisha ukafikiwa ghafla na maji baridi, hupasuka. Baina ya pakingi na sanduku la krenki huachwa nafasi wazi, maji yanayovuja yakaangukia nje badala ya kuchanganyika na oili, na katika nafasi hiyohiyo mchi hufungwa kwa kibano kinacholegezwa bila kulifungua sanduku.

Kwa hiyo namsihi kila aliyekabidhiwa dhamana ya kununua pampu ya namna hii, iwe ya kiwanda, ya bandari au ya mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, asiishie kuuliza bei na wingi wa maji. Aombe aonyeshwe, kabla hajatia sahihi, fundi mmoja mwenye spana za kawaida akibadilisha pakingi na vali bila ya kuigusa krenki.