Ufunguo Usiofungua: Uhakiki wa Istilahi za Funguo na Vyeti vya Kidijitali
Neno "ufunguo" hutokana na kufungua. Hata hivyo, "ufunguo wa umma" hufunga ujumbe, na "ufunguo binafsi" huufungua. Katika saini, wa binafsi husaini na wa umma huhakiki. "Cheti" nacho hupotosha. Kwa msomaji wa Mtinko, mkoani Singida, cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, hakuna anayejiandikia. Ilhali programu ya keytool ya Java, kwa amri -genkeypair, kwa kawaida huunda jozi ya funguo na cheti kilichosainiwa na mmiliki mwenyewe: ni tamko, si uthibitisho. Istilahi zikificha tofauti hizo, mtumiaji huweza kumgawia mwingine asichopaswa kugawa. Kwa kuwa kazi ya ufunguo hubadilika, uhakiki huu unapendekeza majina yafuate dhamana: "ufunguo wa kugawa" na "ufunguo wa kutunza".