Bendera Zilizotangulia Ushahidi

Ubishi wa mahali vilipopiganwa vita vya Bosworth umerudi tena kwenye kilima cha Ambion Hill, na ni haki yake. Mwaka 1974 Halmashauri ya Kaunti ya Leicestershire ilifungua kituo cha wageni juu ya kilima hicho, ikasimika bendera na kuwaonyesha watu mahali Richard III alipopanga jeshi lake tarehe 22 Agosti 1485. Ushahidi wa ardhini? Haukuwepo. Kulikuwa na mapokeo, yaliyokolezwa na kitabu cha William Hutton cha 1788, na ule ugonjwa ambao safu hii haichoki kuulaani: mfalme sharti awe kilimani, maana kilimani ramani hupendeza. Wakati huohuo kumbukumbu za jiji la York, zilizoandikwa vita vikiwa havijapoa, zinataja uwanja wa Redemore, yaani kinamasi cha matete. Tangu lini matete yakaota mgongoni mwa kilima? Na mwaka 1511 Henry VIII aliruhusu kanisa la Dadlington, chini kule bondeni, lichangishe fedha za kuwaombea waliouawa. Dalili zote zilielekeza kidole bondeni, bendera zikapandishwa mlimani.

Watetezi wa kituo husema zama zile hazikuwa na vifaa. Kusoma hati kunahitaji kifaa gani? Mtafiti Peter Foss, katika miaka ya 1980, alikuwa na makaratasi ya kale na majina ya mashamba tu, akakishusha kile kilima na kuvihamishia vita tambarare. Mtu wa namna hiyo simwoni siku hizi. Kikosi cha mwanaakiolojia Glenn Foard kilichoanza kazi mwaka 2005 kilipima umri wa udongo wa kinamasi na kupitisha vigunduzi vya metali shamba kwa shamba, kazi safi. Zaidi ya risasi 30 za mizinga na bunduki, pamoja na beji ndogo ya fedha iliyopakwa dhahabu, yenye nguruwe mwitu, nembo ya Richard, zikaibuka kama kilomita 3 kutoka kwenye bendera. Ni kweli zilitokea magharibi zaidi ya alipodhani Foss. Lakini yeye aliteleza ndani ya bonde lenyewe, na hoja yake ilikuwa wazi kwa yeyote kuipima. Jengo la mawe na matofali halisahihishwi kwa tanbihi. Hadi leo kituo kiko kulekule juu.