Sifa ya Mihrabu ya Matumbawe

Wako watu wasemao kwamba ibada haina haja ya uzuri, na kwamba mja mwenye ikhlasi aweza kusali mbele ya ukuta mtupu na sala yake isipungue hata chembe. Na kwa hukumu ya sheria hawakukosea, maana nakshi si nguzo ya sala. Walakini mja huyo haingii msikitini na ulimi wake tu. Huingia na macho yake pia, nayo aghalabu yamejaa mambo ya sokoni, madeni na ugomvi alioacha nyumbani. Kwa rai yangu, fundi aliyechonga mihrabu alikusudia kuyapokea macho hayo na kuyatuliza, ili moyo, ambao ni mzito wa kutii kuliko viungo vyote, upate kuyafuata.

Atakaye ushahidi na aende Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja. Kwa nje msikiti ule haumwiti mpita njia: ni kuta za chokaa na paa la bati. Lakini ndani, upande wa kibla, ambao kwetu ni kaskazini, kuna maandishi ya Kikufi yanayotaja mwezi wa Dhulqaada, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Jengo lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, na waliolijenga upya, Mwenyezi Mungu awarehemu, walikuwa na adabu ya kuyaacha mawe yale mahali pa heshima. Hata leo watu husali mbele yake.

Khati ya Kikufi kwa tabia yake ni kavu, yenye pembe na mistari iliyonyooka, nayo ingeweza kumchosha mtazamaji upesi. Lakini fundi yule, kila shina la herufi lilipopanda juu, alilichanua likawa jani, hata neno likawa kama linaota ukutani. Asiyejua Kiarabu huona bustani. Ajuaye naye hupata taabu kuisoma, na taabu hiyo siihesabu kuwa aibu ya kazi, kwa kuwa jicho lililozoea kupita mbio juu ya maneno hulazimika kusimama hapo, na palipo na kusimama ndipo tafakuri hupata pa kuanzia.

Sasa tazama kilichochongwa. Tumbawe hukatwa baharini lingali hai, na likiwa bichi hukubali chombo cha fundi kama muhogo. Likisha kukaa hewani hukauka na kuwa gumu, likastahimili karne baada ya karne. Basi fundi alikuwa na muda mchache tu wa kusema alilotaka kusema, na mkono uliotetemeka au uliokimbia ungaliacha kosa lisilofutika. Chokaa ya kuungia mawe hayo nayo ilitoka katika matumbawe, yaliyochomwa juu ya magogo hata yakawa unga. Kwa hiyo mvuvi aliyesujudu pale alisujudu mbele ya bahari ile ile iliyomlisha, iliyotiwa adabu na kuelekezwa Makka. Misikiti ya kale ya Kilwa Kisiwani na Gedi nayo ilijengwa kwa mawe hayo hayo, ingawa leo ni magofu, wala magofu hayaniambii mengi kama msikiti ambamo ungali ukisikia iqama.

Ulamaa wengine wamechukia mapambo msikitini kwa kuhofia yasimshughulishe mwenye kusali, nami nawaunga mkono kila nionapo taa za rangi zinazowaka na kuzima juu ya kichwa cha imamu. Nakshi ya matumbawe ni jambo jingine. Haina dhahabu, haina sura ya mtu wala mnyama; ina jani, fundo na mstari, tena vinavyojirudia. Asomaye uradi hurudia tamko moja, si kwa kusahau kwamba amekwisha kulitamka, bali kwa kuwa mara ya mwisho humfikisha ambapo mara ya kwanza haikufika. Na jicho likifuata nakshi hiyo hutenda vivyo hivyo, mpaka likaacha kuhesabu. Hapo khushui huwa karibu.

Aliyeamuru msikiti ule ujengwe ametajwa katika maandishi. Aliyeyachonga hakutajwa.

Nawasihi basi wazee wa misikiti yetu ya kale, hasa wale wanaoletewa fedha za ukarabati na wafadhili wenye haraka: saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa chokaa, ukuta ukaoza kwa ndani huku nje unang'aa, na rangi ya mafuta huziba majani yote ya herufi. Kabla ya kununua ndoo moja ya rangi, mtafuteni fundi ajuaye chokaa, na mumlipe vizuri.