Nchi Haikuwa Ubao Mtupu

Kitabu ni kioo; lakini kioo kilichopinda huonyesha uso uliopinda. Kila usomapo habari za nchi yako zilizoandikwa na mgeni, zisome kwa macho mawili: moja la kushukuru, na moja la kupima.

Sir Charles Eliot alikuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1900 hata 1904. Mwaka 1905 alitoa kitabu kiitwacho The East Africa Protectorate. Alikuwa mwanachuoni, mjuzi wa lugha nyingi, na maandishi yake yana nadhari. Hatumwonei tukisema kwamba kitabu chake kina kasoro kubwa. Katika kurasa za mwanzo aifananisha nchi na ubao usioandikwa kitu, ambao mtawala aweza kuuandika apendavyo.

Tuupime mfano huu kwenye ukingo wa mto Tana, upande uliko mji wa Masalani leo. Mto ulipofurika na maji kupungua, Wapokomo walipanda mpunga, mahindi na ndizi katika ardhi yenye rutuba iliyoachwa, wakavuka kwa mitumbwi. Wasomali na Waorma, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wagalla, walileta ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Waboni waliwinda na kurina asali msituni. Mwenye maziwa alihitaji nafaka, na mwenye nafaka alitamani samli. Haja ya mmoja ilikuwa riziki ya mwingine. Wala hapakuwa peponi. Walipigania malisho na maji, na katika karne ya 19 Wasomali waliwasukuma Waorma ng'ambo ya mto. Lakini ugomvi na mapatano yote ni maandishi. Ubao ulikuwa umejaa.

Ajabu ni kwamba Eliot mwenyewe awataja watu wa nchi na desturi zao. Kurasa zake za kueleza zaikanusha kauli yake ya kufananisha.

Linganisha na habari ya mbali. Padri Mfaransa Isaac Jogues alifika mwaka 1643 katika koloni la Waholanzi huko Marekani, mahali ambapo leo ni New York. Aliandika kwamba gavana alimwambia kuwa watu wa lugha 18 waliishi pale. Neno hilo fupi lafundisha kuliko mfano wa ubao, kwa sababu limewaona watu.

Pengine utasema kwamba mfano ni mfano tu. La, hasha! Mwaka 1920 Himaya iliitwa Koloni. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa kwa sheria, mtu asiingie ila kwa kibali. Sisemi kwamba Eliot aliitunga sheria hiyo. Nasema kwamba adhaniye ubao ni mtupu haoni vibaya kupiga mstari juu yake, na mstari hukata njia ya ng'ombe na njia ya nafaka.

Basi usikitupe kitabu cha Eliot, kisome. Lakini katika kila ukurasa uliza: nani alilima hapa? Nani alikamua? Nani alivusha watu mtoni? Kitabu kisichojibu maswali hayo hakijaijua nchi, hata kikipambwa kwa ramani nzuri.