Chaza si Kila Mwenye Magamba Mawili

Istilahi hupimwa kwa jambo moja: je, humfikisha msomaji kwenye kitu chenyewe, au humwacha mlangoni kwa jirani? Kwa kipimo hicho, desturi ya kuifasiri ngeli nzima ya Bivalvia kwa neno "chaza" haina budi kukosolewa.

Jina Bivalvia alilitumia Linnaeus mwaka 1758. Hujumlisha moluska wote wenye magamba mawili yaliyoungana kama mlango na bawaba. Chaza ni tawi moja tu la ukoo huo. Mkazi wa pwani, ambaye hatii chaza na kombe katika kapu moja la majina, hung'amua kosa mara moja. Msomaji wa bara hana kinga hiyo.

Tumfikirie mwalimu wa Nambambo, wilayani Nachingwea. Wanafunzi wake wako mbali na bahari, lakini Mkoa wao wa Lindi una Tendaguru, mahali ambapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Pamoja na matabaka yenye mifupa hiyo yamo matabaka ya bahari ya kale, yenye magamba tele. Moja liliitwa kwa jina la Trigonia schwarzi. Mwalimu akisema kwamba huyo ni chaza, amempa ukoo usio wake. Kwa uainishaji wa leo, Trigonia wana udugu wa karibu zaidi na moluska wa magamba mawili wa mitoni na maziwani kuliko na chaza. Wenzao walio hai, wa jenasi Neotrigonia, wamesalia katika bahari ya Australia tu.

Kosa la pili ni kulichezea jina la kisayansi lenyewe. Jina hilo halifasiriwi. Hata hivyo, hubadilika kwa kanuni: spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, neno la kwanza hubadilika na la pili hubaki, nalo likiwa kivumishi, hupatana na jenasi mpya, kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli za nomino. Trigonia schwarzi sasa ni Rutitrigonia schwarzi, na tabaka lake la Tendaguru likapewa jina jipya vilevile. Hata mabano yana maana. Katika Anadara antiquata (Linnaeus, 1758), ambaye ni kombe wa pwani yetu, mabano hueleza kwamba Linnaeus alimweka katika jenasi nyingine, yaani Arca. Mfasiri anayeyafuta kwa kupenda unadhifu amefuta historia.

Kwa maoni yetu, ngeli hiyo iitwe "moluska wa magamba mawili". Ni jina refu, lakini halidanganyi. "Kombe" halifai kwa ngeli nzima, kwani tayari ni sahani kubwa, ni tuzo ya washindi, na ni mfupa wa bega. "Chaza" libaki kwa chaza.

Wala hili si la darasani pekee. Ofisa anayeandika sheria ndogo ya uvuvi akitaja "chaza" huku akikusudia ngeli nzima, mwokota kombe atakuwa na haki ya kuuliza kama naye amo. Katika waraka wa serikali, neno lililopotoka humpotosha mtu haki yake.